Istilahi za Utunzaji na Ukarabati wa Jahazi: Fundi Aulizwe Kabla ya Neno Kuundwa

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuwaelezea wafasiri, walimu na watumishi wa serikali istilahi zinazohusu kazi ya kutunza na kukarabati chombo cha matanga kilichozeeka. Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza kwa nini tushughulike na jahazi kuukuu wakati ambapo maabara, viwanda na mitambo ya kompyuta vinadai istilahi mpya kila uchao. Sababu tunazo mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba vyombo hivi vingali vikifanya kazi. Lamu, Nungwi, Mafia na Kilwa, kwa kutaja mahali pachache tu, vyombo vya mbao vinaendelea kuundwa, kupwelezwa na kutengenezwa. Kwa hiyo maandishi yanayovihusu hayakomi: masharti ya usalama wa vyombo, mikataba ya matengenezo, miongozo ya vikundi vya wavuvi, na masomo ya vyuo vya ufundi.

Sababu ya pili ni kwamba hii ni mojawapo ya nyanja za ufundi ambazo Kiswahili hakikuzikuta kikiwa mikono mitupu. Kwa karne nyingi watu wa pwani wamekuwa na jina la kila mti, kila kamba na kila tendo la kazi hii. Hata hivyo, ukisoma maandishi mengi yaliyofasiriwa utadhani kwamba lugha haikuwa na kitu. Mfasiri hukutana na neno la kigeni, hulitafuta mezani pake, na asipoliona huunda la kwake. Neno hilo linapofika ufukweni, fundi halijui. Na lile la fundi halimo katika karatasi. Hasara inayotokea hapo haiishii katika lugha. Chombo kinachotengenezwa kwa maagizo yasiyoeleweka huvuja, na wanaokipanda ni watu.

Jambo tunalotaka kulionyesha ni hili: katika ufundi wa jahazi, kila neno limefungamana na hatua ya kazi. Mwandishi akiliacha neno, mara nyingi huwa ameiacha na hatua yenyewe.

2. Chombo, jahazi, mashua, boti na meli

Yafaa tuanze na jina la kitu chenyewe. Neno pana kuliko yote ni chombo. Msomaji wa bara huenda akafikiri juu ya vyombo vya jikoni, lakini mtu wa pwani akisema kwamba chombo kimetia nanga, hakuna anayedhani kuwa anazungumzia sufuria. Katika maandishi rasmi inatosha kuandika chombo cha baharini mara ya kwanza, kisha kuendelea na chombo.

Jahazi ni chombo kikubwa cha mbao kiendacho kwa tanga. Mashua ni kidogo kuliko jahazi. Dau, ngalawa na mtumbwi kila kimoja kina umbo lake, na havipaswi kuchanganywa: ngalawa, kwa mfano, hutambulika kwa matengo yake mawili ubavuni. Neno boti siku hizi hutumika hasa kwa chombo cha injini au cha muundo wa kigeni, na meli ni chombo kikubwa cha mitambo. Hivyo basi, mfasiri anayeandika ukarabati wa meli ya zamani ilhali habari inayofasiriwa inahusu chombo cha matanga chenye urefu wa mita 10, amempeleka msomaji katika chelezo na mitambo isiyohusika. Chombo cha kigeni cha safari chenye matanga na sehemu ya kulala tunapendekeza kiitwe mashua ya safari. Ukubwa wake unalingana na mashua, na matanga yake yamo ndani ya maana ya neno hilo.

3. Kuunda, kutunza, kutengeneza na kukarabati

Nyumba hujengwa, chombo huundwa. Tofauti hii ni ya zamani na haifai kupotezwa. Anayeandika kujenga jahazi ataeleweka, ila fundi atatambua mara moja kwamba mwandishi hajakaa na watu wa kazi hiyo.

Penye utata zaidi ni yale maneno matatu yanayofuata. Katika maandishi ya ofisi, utunzaji, matengenezo na ukarabati hutumika kana kwamba ni visawe. Katika mazungumzo ya kawaida hilo halidhuru. Katika mkataba au bajeti hudhuru sana, maana kila kazi ina muda wake na gharama yake. Tunapendekeza maneno hayo yatengwe hivi:

Utunzaji: kazi ya kila siku na ya kila msimu, inayofanywa kabla ya kosa kutokea. Kufua maji, kuosha sitaha, kupaka mafuta na kukausha tanga ni utunzaji.

Matengenezo: kazi ya kuondoa kosa lililokwisha kutokea mahali fulani. Kubadilisha ubao mmoja uliooza au kamba iliyokatika ni matengenezo.

Ukarabati: kazi ya kukirudisha chombo kizima katika hali yake ya kufaa, baada ya kukichunguza chote kuanzia mkukuni hadi kileleni mwa mlingoti.

Chombo kisichotunzwa hudai matengenezo, na kisichotengenezwa kwa wakati hudai ukarabati. Afisa akiandika ukarabati mahali pa utunzaji, huomba fedha nyingi zisizohitajika. Akiandika utunzaji mahali pa ukarabati, hupewa fedha za rangi kwa chombo kilichooza mataruma.

4. Viungo vya chombo

Hatuwezi kutaja viungo vyote hapa. Tunataja vile ambavyo fundi huviangalia kwanza anapoletewa chombo kikuukuu.

Mkuku: mti mkubwa wa chini unaokwenda kwa urefu wa chombo kuanzia mbele hadi nyuma. Ndio uti wa mgongo. Mkuku ukiwa umeoza au umepinda, mara nyingi gharama ya ukarabati hupita thamani ya chombo.

Taruma (wingi: mataruma): miti iliyopinda inayosimama ndani ya chombo kwa pande zote mbili, mfano wa mbavu, ambayo mbao za nje hupigiliwa juu yake. Fundi hupendelea mti uliopinda wenyewe tangu porini, kwa kuwa nyuzi zake hufuata pindo bila kukatwa. Mlilana, mmoja wa mikoko ya pwani yetu, umetumika sana kwa kazi hii.

Fashini: mti wa nyuma uliosimama juu ya mkuku, ambao usukani hushikamana nao.

Usukani: ubao wa nyuma unaokigeuza chombo. Watu wengine huuita shikio. Mti wa kuugeuzia huitwa kana.

Omo na tezi: omo ni sehemu ya mbele ya chombo, na tezi ni sehemu ya nyuma.

Ngama: sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ambamo maji yaliyovuja hukusanyika. Wahenga walisema: Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wengi wanaitumia methali hii bila kujua kwamba ina somo la ufundi ndani yake. Maji yakiingia mbele au nyuma, mwisho wake ni ngamani, na mwenye kutaka kujua hali ya chombo huanza kwa kutazama ngama.

Sitaha: sakafu ya juu ya chombo.

Mlingoti, foromali na tanga: mlingoti husimama, foromali ni mti mrefu unaopandishwa juu ya mlingoti ukiwa umebeba tanga. Kamba nene ya kuipandishia foromali ni henza. Kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga, ambayo nahodha huilegeza au kuivuta kulingana na upepo, ni demani.

Farumi: mizigo mizito, kama vile mawe au mchanga, inayowekwa chini ili chombo kisipinduke kinapokuwa kitupu.

Maneno haya yana asili mbalimbali. Usukani una asili ya Kiarabu, kama vile bandari lilivyotoka katika Kiajemi na mashua katika lugha za Bara Hindi. Bahari yetu ndiyo iliyoyaleta, na wenyeji wakayapa matamshi na sarufi ya Kiswahili. Hapana sababu ya kuyaona kuwa ni mageni kuliko neno tutakalolibuni leo ofisini.

5. Hatua za kazi

Sasa tutazame kazi yenyewe, kwa mpangilio wake, ili maneno yaonekane yakiwa mahali pake.

Kupweleza. Chombo huletwa ufukweni wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Huko Unguja tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufikia takribani mita 4. Chombo husogezwa juu maji yanapojaa, na yanapotoka hubaki mchangani. Maji mafu, ambayo hupanda na kushuka kidogo, hayafai. Mfasiri anayeandika chombo kitolewe majini wakati wowote ameacha jambo ambalo kila fundi hulipanga kwanza.

Kutia gadi. Gadi ni nguzo za kukiegemeza chombo pande zote mbili ili kisilale ubavu. Kazi yoyote ya chini ya chombo isianze kabla ya gadi kukazwa, kwani chombo kikianguka huweza kumuua mtu.

Kuparuza na kutia moto. Majani ya bahari na viumbe wenye magamba walionata huparuzwa. Kisha, kwa desturi ya mafundi wengi, makuti makavu huwashwa na kupitishwa chini ya chombo kwa haraka. Moto huo hukausha mbao na kuua wadudu walioanza kutoboa. Adui mkubwa hapa ni yule kiumbe wa jamii ya kombe mwenye mwili mrefu kama mnyoo. Huingia ndani ya ubao akiwa mdogo sana kwa tundu lisiloonekana vizuri, kisha hukua humo humo akitafuna. Ndiyo maana ubao huweza kuonekana mzima kwa nje, kumbe ndani umekuwa kama sega la nyuki.

Kugonga. Fundi hupita na nyundo akigonga mbao moja moja na kusikiliza. Ubao mzima hulia kwa sauti kavu; ubao mbovu hutoa sauti nzito, iliyokufa. Hapa mafundi hutofautisha maneno mawili ambayo wafasiri huyachanganya. Ubao umeliwa maana yake umetafunwa na mdudu wa baharini. Ubao umeoza maana yake umeharibiwa na kuvu. Tofauti hii ina faida kubwa. Mdudu hukaa katika maji ya chumvi, kwa hiyo hutafutwa chini ya mstari wa maji. Kuvu hupenda maji baridi ya mvua yaliyotuama, kwa hiyo uozo hutafutwa juu, chini ya sitaha na penye maungio. Ripoti inayosema tu kwamba mbao zimeharibika haimwambii mtu mahali pa kuanzia.

Kubadilisha mbao. Ubao mbovu hutolewa na mwingine kuchongwa kwa tezo na randa hadi ukae sawa. Tundu la msumari hutobolewa kwanza kwa keekee ili ubao usipasuke. Kichwa cha msumari huzungushiwa pamba iliyotiwa mafuta, ili maji yasipite pembeni mwake.

Kukalafati. Hiki ndicho kiini cha kazi yote. Kati ya ubao na ubao pana mwanya. Pamba iliyosokotwa na kutiwa mafuta hushindiliwa katika mwanya huo kwa nyundo na chembeu, ambayo ni patasi butu ya kazi hiyo. Kukalafati kwataka mkono wenye kipimo. Pamba ikiwa chache, maji yatapita. Ikishindiliwa mno ilhali mbao zimekauka, chombo kikirudi majini mbao zitafura, zitakosa nafasi, na zitajisukuma hadi kung'oa misumari kwenye mataruma. Chombo huharibiwa hivyo na bidii isiyo na maarifa.

Kupaka deheni. Deheni ni mchanganyiko wa chokaa na shahamu, yaani mafuta ya mnyama. Hupakwa sehemu ya chini ya chombo, ile inayokaa majini, juu ya kalafati iliyokamilika. Huifunika pamba na kumzuia mdudu.

Kupaka sifa. Sifa ni mafuta ya papa au ya samaki wengine. Hupakwa mbao za juu, zinazopigwa na jua, ili zisikauke na kupasuka.

Kushua. Bamvua inayofuata chombo hurudishwa majini. Siku za kwanza maji kidogo huingia mpaka mbao zifure na kubanana. Watu hufua maji na kusubiri. Mwongozo uliofasiriwa usiseme kwamba kila tone linaloonekana baada ya kushua ni dalili ya kazi mbaya. Useme kwamba maji yapungue siku hadi siku, na yasipopungua chombo kipwelezwe tena.

Msomaji ataona kwamba kukalafati, kupaka deheni na kupaka sifa ni kazi tatu, kwa vitu vitatu, mahali patatu. Katika tafsiri nyingi zote tatu hugeuzwa kuwa kuziba na kupaka. Mtu akiifuata tafsiri hiyo kikamilifu, anaweza kupaka rangi nzuri juu ya mianya mitupu.

6. Maneno yenye mitego

Maneno kadhaa ya ufundi huu yanafanana na maneno mengine yaliyoenea zaidi. Hilo halituruhusu kuyatupa, linatudai uangalifu.

Sifa. Wengi hulijua neno hili kwa maana ya tabia au kusifu. Katika maandishi iandikwe mafuta ya sifa mara ya kwanza.

Gadi. Wapo wanaolijua kwa maana ya mlinzi au mfanyakazi wa garimoshi, na wingi wa magadi ni jina la kitu kingine kabisa kinachotumika jikoni. Tunapendekeza gadi za chombo.

Demani. Ni kamba ya tanga, na pia ni majira ya mwaka. Muktadha hutosha kuonyesha maana, ila katika orodha ya vifaa iandikwe kamba ya demani.

Ufa na mwanya. Methali ya usipoziba ufa imewafanya wengi waite kila uwazi ufa. Kwa fundi wa vyombo, ufa ni mpasuko ndani ya ubao mmoja, nao ni ugonjwa. Mwanya kati ya ubao na ubao ni sehemu ya muundo, nao hukalafatiwa. Ufa haukalafatiwi hivi hivi, kwa sababu pamba ikishindiliwa ndani yake huzidi kuupasua.

Kutu na kulika. Kutu ni ya chuma. Shaba na madini mengine nayo huharibika katika maji ya chumvi, hasa yanapogusana na madini ya aina nyingine: chuma kikigusana na shaba baharini, chuma ndicho kinacholiwa upesi. Kwa dhana hiyo pana tunapendekeza kulika, na kutu libaki katika maana yake.

Kuhusu tofauti za mahali, msomaji wa Lamu au wa Pemba huenda akawa na jina jingine kwa baadhi ya vitu tulivyovitaja. Hilo ni jambo la kawaida. Msanifishaji huchagua jina moja la kutumika katika maandishi ya nchi nzima, na huyaweka mengine katika kamusi kama visawe. Kulichagua usukani hakumaanishi kulifuta shikio.

7. Vitu vipya visivyokuwa na majina

Hatudai kwamba fundi wa jahazi ana jina la kila kitu. Mashua ya safari ya muundo wa kigeni ina viungo ambavyo jahazi halina, na hapo ndipo uundaji wa istilahi huwa na kazi halali. Kanuni tunayoipendekeza ni kukiita kiungo kwa kazi yake kabla ya kukiita kwa mali yake au kwa sauti ya jina lake la kigeni.

Tuchukue mti wa chini ya tanga, unaozunguka pamoja na tanga katika mashua za kigeni. Mtafsiri aliye na haraka hutaka kuuita bumu kwa kufuata sauti ya Kiingereza. Lakini mabaharia wa pwani wamezoea kuliita bumu lile jahazi la Ghuba lenye ncha mbele na nyuma. Wala foromali pekee haitoshi, maana foromali inajulikana kuwa juu ya tanga. Twapendekeza foromali ya chini. Jina hilo linamwambia baharia kwamba ni mti unaobeba tanga, na kwamba uko chini, ambako unaweza kumpiga mtu kichwani tanga linapogeuka.

Vivyo hivyo, uzito wa risasi uliofungwa chini ya mashua ya kigeni unafanya kazi mbili ambazo katika jahazi ni za mkuku na farumi. Yaweza kuitwa farumi ya mkuku. Mashine ya kutoa maji ni pampu ya ngama. Mali inayotokana na nyuzi za kioo na gundi imekwisha kuitwa faiba na wavuvi wenyewe, nasi hatuna haja ya kuwasahihisha.

Rangi ya kisasa ya chini ya chombo, yenye sumu ya kuzuia viumbe wasinate, iitwe rangi ya kuzuia viumbe. Isiitwe deheni, kwa sababu masharti yake ya kisheria ni tofauti. Mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2008 umezipiga marufuku rangi za aina hiyo zenye michanganyo ya bati, kutokana na madhara yake kwa viumbe wa baharini. Mtumishi anayefasiri masharti hayo akiandika deheni, atakuwa amempiga marufuku mtu wa chokaa na shahamu, asiyehusika.

Ushahidi wa kwamba majina ya kazi hudumu kuliko mali ulionekana Lamu mwezi Septemba mwaka 2018, iliposhuliwa Flipflopi, jahazi lenye urefu wa takribani mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyokusanywa na kuyeyushwa upya, na kupambwa kwa kandambili za rangi nyingi. Mapema mwaka 2019 lilisafiri hadi Unguja. Hakuna mti wa msituni katika mkuku wa jahazi lile, lakini ni mkuku. Wala katika mataruma yake, lakini ni mataruma. Mali imebadilika, kazi haikubadilika, na jina limefuata kazi.

8. Mfano wa maandishi

Ili kuonyesha faida ya haya yote, tutunge sharti moja la mkataba kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ile inayozoeleka:

Boti itolewe majini, isafishwe, sehemu zilizoharibika zizibwe na kupakwa rangi vizuri.

Namna ya pili ni hii:

Chombo kipwelezwe wakati wa bamvua na kutiwa gadi. Sehemu ya chini iparuzwe. Mbao zote zigongwe mbele ya mkaguzi, na zile zilizoliwa au kuoza zitiwe alama na kubadilishwa. Mianya yote ikalafatiwe kwa pamba yenye mafuta, na mkaguzi aione kalafati kabla haijafunikwa. Kisha sehemu ya chini ipakwe deheni na ya juu ipakwe mafuta ya sifa. Baada ya kushua, maji ya ngamani yapimwe kila siku kwa siku saba.

Namna ya pili ni ndefu zaidi. Lakini kila kitenzi chake kinaweza kukaguliwa, na fundi hatahitaji mkalimani. Aidha, mahali pa udanganyifu pamezibwa: katika namna ya kwanza, mtu aliyepaka rangi tu anaweza kudai malipo yote, na neno vizuri halitamshinda mahakamani.

Walimu nao wanaweza kuutumia mfano huu darasani. Wanafunzi wapewe namna ya kwanza, waulizwe ni mambo gani fundi angelazimika kuyauliza, kisha watafute kitenzi kwa kila jibu. Watajifunza kwamba istilahi ni chombo cha kupunguza maswali.

9. Hitimisho

Maneno mengi tuliyoyataja yamehifadhiwa katika kamusi za zamani, zikiwamo zile za Johnson na Sacleux zilizotolewa mwaka 1939. Hata hivyo, kamusi huyapanga maneno kwa alfabeti, ilhali fundi huyapanga kwa kazi. Anayekutana na chembeu peke yake katika ukurasa ataona jina la patasi. Anayelikuta baada ya pamba na kabla ya deheni ataelewa patasi hiyo yafanya nini. Mpangilio huo wa kazi umo vichwani mwa mafundi, na wengi wa wanaoujua wote ni wazee. Vijana wanaojifunza kwenye boti za faiba na injini hawana haja ya kila siku ya kusema deheni, na neno lisilosemwa halikai.

Kwa hiyo tunawasihi wafasiri kwamba, kabla ya kuunda istilahi ya jambo lolote la baharini, waende ufukweni wakaulize, na waulize wakati kazi inafanyika. Fundi akiulizwa mezani hutaja jina. Akiulizwa akiwa na nyundo mkononi hutaja jina, sababu na hatari. Istilahi ikipatikana, iandikwe pamoja na mahali ilipopatikana na tendo linaloihusu.

Tunawaalika wasomaji, hasa wale wa visiwani, wa Lamu na wa pwani ya kusini, watuletee majina wanayoyatumia kwa viungo na kazi tulizozieleza, pamoja na yale ambayo hatukuyataja. Mapendekezo ya mashua ya safari, foromali ya chini, farumi ya mkuku na rangi ya kuzuia viumbe bado yako mezani. Yapimwe kwa kipimo kimoja tu: je, fundi akisomewa, mkono wake utakwenda mahali panapotakiwa?